Michael Werikhe: Mwana wa Mombasa aliyetembea nchi kwa nchi ili kifaru asitoweke

KUSINI mwa mji wa Lodwar, katika makorongo makavu ya Kanapoi, ardhi ya Turkana imehifadhi mifupa ya vifaru walioishi huko zaidi ya miaka milioni nne iliyopita. Wataalamu waliichimbua katika miaka ya 1960, na mnamo 1972 wakaitumia kutambulisha aina ya kifaru wa kale ambaye hakuwa akijulikana na sayansi.

Kifaru hakuwa mgeni wa jana katika nchi hiyo. Hata mwaka 1888, msafara wa Count Samuel Teleki wa Hungaria na mwenzake Ludwig von Höhnel ulipolifikia Ziwa Turkana, wageni hao walikutana na vifaru wengi njiani, wakawapiga risasi wengi. Mizigo ya msafara huo ilibebwa na wapagazi waliotoka Unguja na pwani, watu waliotembea kwa miguu kutoka Pangani hadi kwenye jangwa la kaskazini.

Leo mtu anaweza kusafiri kutoka Lodwar hadi Kakuma, na kutoka Kakuma hadi mpaka wa Sudan Kusini, bila kukuta hata unyayo wa mnyama huyo. Turkana amebaki kuwa jiwe tu.

Kwamba Kenya nzima haikufikia hali hiyo ni kazi ya watu wengi: askari wa wanyamapori waliolala porini, madaktari wa mifugo, wenye mashamba na wafadhili. Lakini miongoni mwao kuna mmoja ambaye hakuwa na bunduki, cheo wala mali. Alikuwa na miguu miwili na ulimi. Jina lake ni Michael Werikhe, mwana wa Mombasa, aliyeuawa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43.

Chumba cha pembe

Werikhe alizaliwa Mombasa mwaka 1956, wakati Kenya ikiwa bado koloni la Uingereza. Tangu utotoni alipendezwa na viumbe ambavyo watu wengi huviogopa, hasa nyoka. Mapenzi hayo hayakumtoka maishani, na baadaye yalikuja kumsaidia kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia.

Alipomaliza masomo alipata kazi katika idara ya serikali iliyosimamia wanyamapori. Kijana mwenye mapenzi kama yake angetarajia kupelekwa mbugani. Badala yake aliwekwa katika bohari ya serikali mjini Mombasa, mahali palipokusanywa meno ya ndovu na pembe za vifaru kutoka pembe zote za nchi kabla ya kupigwa mnada.

Kazi yake ilikuwa kupanga na kuchambua shehena hiyo. Siku baada ya siku pembe zilipita mikononi mwake, na kila pembe ilikuwa na mnyama wake aliyekufa. Kijana aliyetamani kuwatunza wanyama alijikuta akiwahesabu kwa vipande vyao. Hakuivumilia kazi hiyo kwa muda mrefu. Aliiacha, akaajiriwa katika kiwanda cha kuunganisha magari mjini humo.

Miaka hiyo ilikuwa ya msiba kwa vifaru. Mnamo 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mei 1977 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, ambaye miaka 16 kabla ya hapo alikuwa akizuiliwa na wakoloni mjini Lodwar, ilipiga marufuku uwindaji wote. Mwaka huohuo biashara ya kimataifa ya pembe za vifaru ilikatazwa chini ya mkataba wa CITES. Muda mfupi baadaye maduka ya nyara za wanyama nchini nayo yakafungwa.

Sheria hizo zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa na meno. Majangili waliendelea kuua, na lawama za ufisadi zikawaangukia watu wenye madaraka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, vifaru weusi waliosalia Kenya hawakufika 400. Kwa kila vifaru 50 waliokuwapo mwaka 1970, alisalia mmoja.

Kaskazini hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ya silaha. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, ghala la kambi ya jeshi ya Moroto nchini Uganda lilivunjwa, na bunduki zikasambaa Karamoja na kuvuka mpaka hadi Turkana. Mfugaji aliyekuwa akilinda ng'ombe kwa mkuki alilazimika kutafuta bunduki kwa kuwa jirani yake alikwisha kuipata. Katika mazingira ambamo uhai wa binadamu ulikuwa mashakani, mnyama mwenye pembe yenye thamani hakuwa na mtetezi.

Kifaru mwenyewe hana uwezo wa kujirudishia idadi haraka. Mimba yake huchukua takribani miezi 15, huzaa ndama mmoja tu, na huweza kupita miaka mitatu kabla ya kuzaa tena. Mzazi mmoja akiuawa, pengo lake hubaki wazi kwa miaka mingi.

Miguu badala ya bunduki

Mwaka 1982 Werikhe alifanya jambo ambalo wengi walilidhania kuwa mzaha. Aliondoka Mombasa kwa miguu kuelekea Nairobi, mwendo wa takribani kilomita 500, ili kuwaeleza wananchi kwamba vifaru wanakwisha na kuwaomba wachangie kuwaokoa.

Aliyetembea naye alikuwa chatu, nyoka wake wa kufugwa. Hapo ndipo mapenzi yake ya utotoni yalipozaa matunda. Mtu anayepita barabarani akihubiri habari za vifaru huenda akapuuzwa, lakini mtu mwenye chatu begani hukusanya umati kabla hajafungua kinywa. Watoto walikuja kumtazama nyoka, wakaondoka wamesikia habari za kifaru.

Njia kati ya miji hiyo miwili hupita katikati ya Tsavo, ikitenganisha mbuga ya mashariki na ya magharibi. Eneo hilo lilikuwa na maelfu ya vifaru katika miaka ya 1960, kundi ambalo halikuwa na mfano duniani. Wakati Werikhe akiwa safarini, kundi hilo lilikuwa limekwisha kuangamizwa na kubakia wachache waliojificha vichakani.

Jambo lililomtofautisha na watetezi wengine wa wakati ule lilikuwa hadhira yake. Uhifadhi ulikuwa ukionekana kuwa shughuli ya watalii, wageni na wenye mashamba makubwa, huku mwananchi akitajwa tu pale anapokamatwa na mtego. Werikhe aliingia shuleni na vijijini, akazungumza na watu kama watu wenye mali yao. Ilikuwa vigumu kumwambia mfanyakazi wa kiwandani, mweusi na mzaliwa wa Mombasa, kwamba anatetea mambo ya wazungu.

Mwaka 1985 alipanua safari yake na kutembea Afrika Mashariki, akipita Uganda, Kenya na Tanzania. Nchini Uganda ujumbe wake ulikuwa na uchungu wa pekee, kwa kuwa vifaru wa porini wa nchi hiyo walikuwa wamekwisha kabisa mwanzoni mwa mwongo huo. Vita na utawala wa mabavu vilikuwa vimewamaliza. Uganda ikawa mfano hai wa mahali ambapo Kenya ilikuwa ikielekea.

Mwaka 1988, karne moja kamili baada ya Teleki na wapagazi wake kufika Turkana, mwana huyo wa pwani alikwenda upande wa pili. Alitembea Ulaya, akipita mataifa kadhaa yakiwemo Italia, Ujerumani Magharibi na Uingereza. Katika safari hiyo fedha nyingi zilichangishwa, na watu waliokuwa wakimwona kifaru katika bustani za wanyama tu walimsikia Mwafrika akieleza kinachomsibu mnyama huyo nyumbani kwake. Akajulikana kwa jina la utani la Mtu wa Vifaru.

Heshima zilifuata. Mwaka 1989 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilimwingiza katika orodha ya watu 500 waliotukuka kwa kutunza mazingira. Mwaka 1990 ilipotolewa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Goldman ya mazingira huko Marekani, aliyechaguliwa kwa niaba ya Afrika alikuwa Werikhe. Mwaka uliofuata tuzo hiyo ilimwendea Mkenya mwenzake, Profesa Wangari Maathai. Kufikia wakati huo matembezi yake yalikuwa yamechangisha fedha zilizokadiriwa kukaribia dola milioni moja.

Pembe zilikokwenda

Werikhe hakukomea kwa wanaotoa michango. Mwaka 1991 alitembea Amerika Kaskazini, na mwaka 1993 akafunga safari hadi Taiwan, mojawapo ya masoko makubwa ya pembe wakati huo.

Pembe ya kifaru haina mfupa ndani yake. Imeundwa kwa kitu kilekile kinachotengeneza kucha na nywele za binadamu. Hata hivyo, katika tiba za jadi za mashariki ya Asia imesagwa kwa karne nyingi kama dawa ya homa, na nchini Yemen ilichongwa mipini ya majambia ambayo wanaume huvaa kiunoni kama ishara ya heshima. Utajiri wa mafuta wa miaka ya 1970 ulipoingia Uarabuni, Wayemeni waliokwenda kufanya kazi huko walirudi na fedha, na majambia yakanunuliwa kwa wingi.

Kwa hiyo kumkamata jangili mmoja Tsavo kulikuwa sawa na kukata tawi na kuacha mzizi. Mzizi ulikuwa katika masoko ya mbali. Katika miaka hiyo China ilipiga marufuku biashara ya pembe, mwaka 1993, na mwaka uliofuata Marekani iliiwekea Taiwan vikwazo vya kibiashara kwa sababu ya kulegea katika suala la vifaru na chui milia. Hayo yalitokana na shinikizo la nchi na mashirika mengi, lakini Werikhe alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache mno waliokwenda wenyewe mlangoni kwa mnunuzi.

Nyumbani nako mkakati mpya ulikuwa umeanza. Badala ya kuwaacha vifaru wachache watawanyike katika pori lisilolindika, waliamua kuwakusanya katika maeneo madogo yenye ua na ulinzi wa usiku na mchana. Anna Merz, mama wa Kiingereza, alianzisha hifadhi ya aina hiyo katika shamba la Lewa mwaka 1983. Ngulia ikafuata ndani ya Tsavo Magharibi mwaka 1986, na Nakuru mwaka 1987. Vifaru wengi wa kuanzishia maeneo hayo walitoka katika shamba la Solio, karibu na Nyeri, ambako walikuwa wameongezeka chini ya ulinzi.

Kumhamisha kifaru si kazi ndogo. Hupigwa sindano ya usingizi kutoka angani, hufungwa kitambaa machoni ili asishtuke, huchanjwa masikio kwa alama ya kumtambulisha, kisha huingizwa katika sanduku la mbao na kusafirishwa kwa lori. Kila hatua ina hatari yake, na gharama ni kubwa. Hapo ndipo michango iliyokusanywa na watu kama Werikhe ilipohitajika.

Mwisho wa ghafla

Pamoja na sifa zote hizo, Werikhe hakuhama Mombasa, wala hakujitajirisha kwa jina lake. Alikuwa mtu wa kawaida katika mji wake, akienda kazini kama wengine.

Agosti 1999, akiwa njiani kwenda kazini, alivamiwa na wahuni karibu na nyumbani kwake mjini Mombasa. Alijeruhiwa vibaya, na akafariki dunia kutokana na majeraha hayo. Mtu aliyepita katika nchi zilizotoka vitani na kando ya mbuga za simba aliuawa katika mtaa aliouzoea.

Hakuna dalili kwamba kifo hicho kilihusiana na biashara ya pembe. Ulikuwa ujambazi wa mjini, wa aina inayowapata Wakenya wengi wasiotajwa magazetini. Labda ndiyo sababu kilisahaulika mapema. Aliyeuawa akipambana na majangili hujengewa mnara. Aliyeuawa kwa ajili ya vitu vya mfukoni hulia nduguze.

Mwaka 1999 una maana nyingine katika historia hii. Mwaka 2020 ulipomalizika, serikali ilitangaza kwamba hakuna kifaru hata mmoja aliyeuawa na majangili nchini katika kipindi cha mwaka mzima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo hilo kutokea tangu 1999, mwaka aliofariki Werikhe. Katikati ya miaka hiyo damu nyingi ilimwagika. Sheria mpya iliyoanza kutumika Januari 2014 ilileta adhabu kali, hadi kifungo cha maisha au faini isiyopungua shilingi milioni 20. Leo vifaru weusi wa Kenya wamepita 1,000.

Swali la Turkana

Je, safari hiyo ya kurejea inaweza kufika Turkana? Tayari imeanza kusogea kaskazini. Mwaka 2015 vifaru weusi walipelekwa katika hifadhi ya jamii ya Sera, Samburu, ya kwanza Afrika Mashariki ambamo jamii yenyewe ndiyo inayoimiliki hifadhi na kuwalinda vifaru. Mwaka 2024 wengine 21 walihamishiwa Loisaba, Laikipia. Walinzi wa Sera ni vijana wa kifugaji, watoto wa jamii ambazo zamani zilitazamwa kama maadui wa wanyama.

Lakini tahadhari ni muhimu. Mwaka 2018 vifaru 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru hadi Tsavo Mashariki, na wote wakafa. Uchunguzi ulionyesha kuwa maji waliyopewa yalikuwa na chumvi nyingi, na kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyowazidi. Turkana inalijua tatizo hilo. Maji ya ziwa lake yana chumvi, na hata hazina ya maji iliyotangazwa mwaka 2013 katika uwanda wa Lotikipi ilipopimwa ilikutwa na chumvi nyingi. Mahali ambapo binadamu na mbuzi hugombania kisima, kumleta kifaru bila maji ya uhakika ni kumletea kifo na kuwaletea wenyeji ugomvi.

Kakuma nayo ina hadithi yake. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na hadi leo inawahifadhi watu wengi kutoka Sudan Kusini. Nchi waliyoikimbia ilikuwa makazi ya vifaru weupe wa kaskazini. Mmoja wao, aliyepewa jina Sudan, alikamatwa Shambe mwaka 1975 akiwa mdogo, akapelekwa Ulaya, akarudishwa Afrika mwaka 2009 na kufikia Ol Pejeta, Laikipia. Alifariki Machi 2018 akiwa dume wa mwisho wa jamii yake duniani. Waliobaki ni majike wawili.

Kifaru huyo na wengi wa wakimbizi wa Kakuma walitoka nchi moja. Tofauti ni kwamba mtu anaweza kusimulia alikotoka na kutumaini kurejea. Jamii ya mnyama ikiisha haina wa kuisimulia.

Hapo ndipo maisha ya Werikhe yanapowahusu wakazi wa Lodwar na Kakuma, ingawa matembezi yake mashuhuri yalifuata njia nyingine. Turkana ni nchi ya watembeaji. Mchungaji huandamana na mifugo kwa siku kadhaa akitafuta malisho, na mtoto wa shule huenda masafa ambayo mtoto wa mjini hayajui. Mfanyakazi yule wa Mombasa alionyesha kwamba mwendo wa miguu wenye nia unaweza kufika ambako amri ya serikali haijafika. Kila mahali alipopita hakumwamrisha mtu; alimwomba asikilize, akamwachia uamuzi.

Kabla ya kifaru yeyote kupakiwa kwenye lori kuelekea kaskazini, kuna kazi ambayo sindano ya usingizi na ua wa umeme haviwezi kuifanya. Ni kazi ya kuwauliza wenye nchi kama wanamtaka mnyama huyo, atakunywa wapi, nani atamlinda, na faida yake itamfikia nani. Werikhe aliifanya kazi hiyo kijiji kwa kijiji, shule kwa shule, kwa miaka kumi na zaidi. Alikufa kabla ya kuona idadi ya vifaru ikipita 1,000, lakini wengi wa ndama wanaozaliwa leo Nakuru, Ngulia na Lewa ni wazao wa wale wachache waliosalia wakati yeye akiwa barabarani.